Goti la Ledley King

Hiki ni kipindi cha michezo ambacho tunauweka kando msimamo wa ligi na kumzungumzia mtu mmoja tu. Leo mtu wetu ni beki. Najua mabeki hawana mashabiki wengi. Mtoto akiambiwa achague jezi atachukua namba 9 au namba 10, hakuna anayelilia ya beki wa kati. Huyu wa leo alivaa namba 26, miaka yote ya mpira wake akaimaliza kwenye klabu moja, na mwaka 2012 akastaafu akiwa na umri wa miaka 31. Anaitwa Ledley King, nahodha wa zamani wa Tottenham Hotspur ya London.

Kwenye mabishano ya soka, jina la King likitajwa tu, neno linalofuata ni "angekuwa". Angekuwa na goti zima, Ulaya nzima isingekuwa na beki kama yeye. Angekuwa mzima, John Terry na Rio Ferdinand wangemwangalia kutoka benchi. Watu wanasema hivyo kwa mapenzi, nami nawaelewa, lakini kwa maoni yangu wanamdhulumu. Yule wa "angekuwa" hatukuwahi kumwona. Tuliyemwona alicheza misimu 6 ya mwisho na goti lililokwisha, karibu bila kufanya mazoezi na wenzake, kwenye ligi yenye kasi kuliko nyingi duniani, na washambuliaji bado walikuwa wanaomba asipangwe. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Chukueni kalamu kidogo. Kwenye Ligi Kuu ya England King alicheza mechi 268. Msimu wa 2004/05 alicheza zote 38, hakukosa hata moja. Kumbukeni hilo, kwa sababu wapo wanaodhani alizaliwa mgonjwa. Halafu angalieni kuanzia msimu wa 2006/07 hadi alipostaafu: 21, kisha 4, kisha 24, 20, 6, na 21. Jumla ni mechi 96 kati ya 228 zilizokuwepo kwenye ratiba. Yaani katika kila mechi 5 za ligi, nahodha alionekana kwenye 2. Nyingine alivaa suti jukwaani.

Alizaliwa Oktoba 1980 na kukulia Bow, mashariki ya London, mitaa ambayo mpira ndio lugha ya watoto. Timu yake ya utotoni ni Senrab, timu ya vijana inayocheza kwenye viwanja vya wazi vya Wanstead Flats, na ambayo imetoa wachezaji wengi kuliko akademi kadhaa zenye fedha na mabasi. Humo Senrab alikuwemo pia kijana mwingine aliyezaliwa mwaka huo huo, jina lake John Terry. Terry akaenda Chelsea akacheza mechi 717 na kuvaa jezi ya England mara 78. King akaenda Spurs, na jezi ya England aliivaa mara 21. Ukizisoma hizo namba mbili bila kujua habari ya magoti, utadhani mmoja alikuwa hodari na mwingine wa kawaida. Waliowaona wote wawili tangu wangali wavulana hawakuwa na hakika ni nani angemzidi mwenzake.

Mechi yake ya kwanza ya kikosi kikubwa ilikuwa Anfield, Mei 1, 1999. Spurs walitangulia kwa mabao 2, wakafungwa 3-2. Karibu duniani, kijana. Wakati huo hata hakuwa beki kamili. Kocha George Graham alikuwa anamchezesha sana kiungo. Na ni akiwa kiungo ndipo alipoweka rekodi ambayo watu huisahau kwa sababu haifanani naye. Desemba 9, 2000, ugenini kwa Bradford City, mpira ukaanzishwa, ukachezwa kidogo, King akaupiga kutoka nje ya boksi, ukaingia. Saa ilikuwa imesoma sekunde 9.82. Kuna watu walikuwa bado wanatafuta viti vyao. Bao hilo likabaki kuwa la haraka kuliko yote katika Ligi Kuu kwa miaka 18, mpaka Shane Long wa Southampton alipowafunga Watford baada ya sekunde 7.69, Aprili 2019. Na mechi ile ya Bradford, kwa desturi ya Spurs, iliisha sare ya 3-3.

Kiangazi cha 2001 likatokea lile ambalo wana-Spurs mpaka leo hawataki kulisikia. Nahodha wao Sol Campbell akamaliza mkataba na kuhamia kwa majirani, Arsenal, bila Spurs kupata hata senti. Pengo hilo lilihitaji mtu. Alirudishwa nyuma yule kijana wa Bow, akaambiwa simama hapo. Akasimama.

Alikabaje? Ligi ya England ilizoea mabeki wa kelele: beki anayepiga kiwiko, anayevuta jezi, anayemwonyesha mwamuzi kidole. King alikuwa kimya. Alikuwa na mwili mkubwa na hatua ndefu, lakini kazi yake kubwa aliifanya kabla mpira haujafika, kwa kusimama mahali ambapo mpira utakuja. Katika mechi zote 268 za ligi alionyeshwa kadi za njano 8 tu. Hebu rudieni hiyo: 8, kwa beki wa kati, kwa zaidi ya miaka 10. Kuna mabeki wanaozimaliza hizo kabla ya Krismasi. Thierry Henry, ambaye mabeki wa Kiingereza aliwafanya waonekane watoto, amewahi kusema hadharani kwamba King ndiye beki aliyeweza kumnyang'anya mpira bila kumshikashika.

Na Henry alikuwa na sababu ya kumkumbuka. Juni 13, 2004, Lisbon, Euro, England dhidi ya Ufaransa. Terry ameumia, na kocha Sven-Göran Eriksson anampanga kijana wa miaka 23 acheze pembeni ya Campbell, yule yule aliyehama. Kwa dakika 90 Henry hapati njia. Kuna wakati anachomoka kushoto kwa kasi ile inayojulikana, na King anakimbia naye bega kwa bega, anasubiri, anauchukua mpira, anaondoka nao taratibu. England wanaongoza 1-0 kwa bao la Frank Lampard. Halafu dakika za majeruhi zinafika, Zinedine Zidane anafunga kwa mpira wa adhabu, kisha kwa penalti, na England wanalala 2-1. Matokeo yakameza kila kitu. Lakini usiku ule Waingereza waligundua kwamba wana beki mwingine.

Sasa nataka niwapeleke White Hart Lane, Novemba 5, 2006, na tukae hapo kidogo. Wageni ni Chelsea ya José Mourinho, mabingwa misimu 2 mfululizo. Spurs hawajawafunga Chelsea kwenye ligi tangu mwaka 1990, na mashabiki wa Chelsea wameufanya uwanja huo kama sebule yao. Mchezo umefunguka. Unatokea mpira mmoja, Arjen Robben anatoka nao, na ghafla hakuna mtu mbele yake isipokuwa kipa Paul Robinson. Huyo ni Robben wa miaka 22, mmoja wa watu wenye mbio kuliko wote kwenye ligi, mpira uko kwenye guu lake la kushoto, na King yuko nyuma yake.

Kwa beki wa kawaida hapo kuna njia mbili: kumvuta jezi nje ya boksi ukubali kadi, au kumwachia Mungu na kipa. King hakuchagua hata moja. Anakimbia. Ukiitazama picha ile tena, usimwangalie Robben, mwangalie King: hakati kona, harushi mikono, anafuata mstari ulionyooka na kila hatua inakula kipande cha pengo. Wanaingia ndani ya boksi. Robben anainua mguu apige. Hapo ndipo King anateleza, na mguu wake unafika kwenye mpira tu, haugusi kitu kingine. Mpira unatoka. Robben anaanguka juu ya mguu ambao kazi yake imekwisha. Mwamuzi Graham Poll, ambaye jioni hiyo alimtoa Terry kwa kadi nyekundu na kukasirisha Chelsea yote, hapa hakuona rafu kwa sababu haikuwepo. Angechelewa nusu hatua ingekuwa penalti na pengine kadi nyekundu. Spurs wakashinda 2-1.

Wakati anafanya hivyo, King alikuwa ametoka kwenye mwaka mbaya. Mwishoni mwa msimu wa 2005/06 alivunjika mfupa wa mguu na Kombe la Dunia la Ujerumani likampita. Mfupa uliovunjika, wasikilizaji, si tatizo kubwa kama linavyosikika, mfupa huunga. Kilichokuwa kinamla taratibu kilikuwa kwenye goti la kushoto.

Mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa mfupa wa muundi hufunikwa na gegedu, utando mweupe unaoteleza ambao ndio unaofanya goti likunjike bila maumivu. Gegedu haina mishipa ya damu ya kuilisha kama ilivyo ngozi au nyama. Ndiyo maana kidonda cha ngozi hupona kwa wiki, ila gegedu ikilika imelika. Za King zililika mpaka mfupa ukawa unakutana na mfupa. Fundi yeyote wa gereji anaijua hali hiyo: bushi zikiisha chuma kinasaga chuma, gari bado linatembea lakini kila safari inaliumiza zaidi. Tofauti ni kwamba bushi unazinunua dukani. Harry Redknapp, aliyechukua timu Oktoba 2008, aliliambia taifa zima bila kuficha: hakuna dawa, hakuna gegedu ya kufanyia upasuaji, tunachofanya ni kuishi nalo. Baada ya kila mechi goti linavimba, na kwa kawaida linahitaji karibu wiki nzima litulie.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao sijui kama kuna timu nyingine kubwa iliyowahi kuukubali kwa muda mrefu hivyo. Wenzake wakiwa uwanjani pale Chigwell, kwenye kambi ya Spurs ya wakati huo, wanakimbia na kugombea mipira, King alikuwa ndani ya jumba la mazoezi ya viungo au kwenye bwawa, akitunza pumzi na misuli bila kuligongesha goti chini. Hakimbii. Hapigi mpira. Inafika siku ya mechi, anavaa kitambaa cha unahodha, anakwenda kukabana na Didier Drogba wa Chelsea kwa dakika 90.

Hebu fikirieni kwanza shida ya anayecheza naye. Mabeki wa kati wawili wanahitaji kujuana kuliko wachezaji wengine wowote. Nani anaruka, nani anabaki? Mstari wa kuotea unapandishwa lini? Kona ikipigwa, nani anakaa kwenye nguzo ya karibu? Hayo yote hufundishwa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kurudiarudia mpaka mtu anachoka. Beki mwenzake Michael Dawson alikuwa anayarudia wiki nzima na mtu mwingine, halafu Jumamosi pembeni yake anasimama mtu ambaye hakuwepo. Na timu ilikuwa inacheza vizuri zaidi! Kila nikisikia kocha anasema mchezaji fulani hapangwi kwa sababu hajafanya mazoezi ya kutosha na wenzake, namkumbuka King, kisha nanyamaza, kwa sababu kanuni ile ni ya kweli kwa karibu kila mtu mwingine.

Kwa nini kwake ilikuwa tofauti? Nadhani jibu liko kwenye zile kadi 8. Beki anayeishi kwa nguvu na kasi akikosa mazoezi wiki mbili anaonekana. Beki anayeishi kwa kuusoma mchezo anaubeba ujuzi wake kichwani, na kichwa hakivimbi. Goti lilipomnyima mbio za kubahatisha, akaacha kubahatisha kabisa. Halafu kulikuwa na jambo lingine la wazi tu: alijua kwamba mechi hii huenda ndiyo pekee mpaka wiki ijayo au mwezi ujao, akaicheza hivyo.

Msimu wa 2007/08 ulikuwa mbaya kuliko yote ya kabla yake. Mechi 4 tu za ligi. Lakini Februari 24, 2008, kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Chelsea, kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Na tazameni aliyekuwa pembeni yake: Jonathan Woodgate, beki mwingine wa Kiingereza ambaye mwili wake ulimsaliti kuliko hata King. Woodgate aliondoka Newcastle mwaka 2004 kwenda Real Madrid akiwa tayari ameumia. Msimu mzima wa kwanza hakugusa mpira wa mashindano. Aliposimama hatimaye Bernabéu, Septemba 2005 dhidi ya Athletic Bilbao, alijifunga bao na kisha akatolewa kwa kadi nyekundu siku hiyo hiyo. Ukiandika tamthilia ya hivyo watakwambia umetia chumvi. Akarudi nyumbani kwao Middlesbrough, na Januari 2008 Spurs wakamchukua.

Kwa hiyo walinzi wa Drogba na wenzake siku ya fainali walikuwa ni wagonjwa wawili wa kudumu. Drogba alifunga kwa mpira wa adhabu. Dimitar Berbatov akasawazisha kwa penalti. Muda wa nyongeza ulipoanza, frikiki ikaja kutoka pembeni, kipa Petr Čech akautokea mpira ili aupangue, akaupangua moja kwa moja kwenye uso wa Woodgate, ukarudi langoni. Bao la ushindi likafungwa na mtu ambaye, kwa mara moja maishani, mwili wake ulikuwa mahali panapofaa. King na Robbie Keane wakapanda ngazi kupokea kombe. Miaka 17 ikapita kabla nahodha mwingine wa Spurs kuinua chochote, mpaka Son Heung-min aliposhika Kombe la Europa kule Bilbao, Mei 2025. Mwaka mmoja baada ya ushindi ule, Machi 2009, King alirudi Wembley kwenye fainali ile ile, safari hii dhidi ya Manchester United, na goti lile likasimama dakika 120 bila kuruhusu bao. Spurs walipoteza kwa penalti.

Msimu wa 2009/10 akacheza mechi 20 za ligi, na Spurs wakamaliza nafasi ya 4 na kufuzu Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu mashindano yabadilishwe jina. Walijihakikishia nafasi hiyo Mei 5, 2010, nyumbani kwa Manchester City, 1-0, bao la Peter Crouch. King alikuwa nyuma, na hata alifunga kwa kichwa, mwamuzi akalikataa. City walikuwa wametumia fedha za kuogofya msimu ule. Usiku huo hazikusaidia.

Ndipo kocha wa England Fabio Capello alipomchukua kwenda Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Hapa ndipo nina ugomvi kidogo na watu wazima wenzangu. Capello alijua, kila mtu alijua, kwamba goti hilo linahitaji wiki baada ya kila mechi, na Kombe la Dunia halikupi wiki. Alidhani atamtumia kwa hesabu. Lakini hata kabla ya kuanza, Rio Ferdinand, nahodha, akaumia goti mazoezini pale Rustenburg baada ya kugongana na Emile Heskey. Hesabu ikavurugika. Juni 12, 2010, dhidi ya Marekani, kwenye uwanja wa Royal Bafokeng, King akapangwa tangu mwanzo. Wengi wenu mnaikumbuka mechi ile kwa sababu ya kipa Robert Green na shuti dhaifu la Clint Dempsey lililomponyoka mikononi. Nawaomba mkumbuke na kilichotokea mapumziko: King hakurudi. Na halikuwa goti! Kilikuwa kinena. Mtu anayelinda mguu mmoja miaka mingi huubebesha mzigo ule mwingine, na mwili una namna yake ya kudai. Jamie Carragher akaingia. King hakuichezea England tena. Mechi 21, mabao 2. Moja dhidi ya Ureno mwaka 2004, la pili dhidi ya Mexico siku chache tu kabla ya safari ile.

Miaka ya mwisho sitaipaka rangi. Msimu wa 2010/11, ule wa Ligi ya Mabingwa ambayo yeye alisaidia kuifikia, alicheza mechi 6 tu za ligi. Usiku mkubwa wa San Siro na wa kuwafunga Inter nyumbani ulikuwa wa wengine. Msimu uliofuata alirudi kwa mechi 21, na nusu ya kwanza Spurs walikuwa wakitajwa kwenye mbio za ubingwa. Kisha, kuanzia Februari 2012, goti likaanza kuonekana hadharani. Arsenal waliwapiga 5-2. Aprili, nusu fainali ya Kombe la FA, Chelsea wakawafunga 5-1. Aliyekuwa anafika kabla ya mpira sasa alikuwa anafika nao, na washambuliaji ambao zamani wasingethubutu walikuwa wanampita. Ilikuwa inaumiza kutazama. Julai 2012 akatangaza kwamba inatosha.

Hapo ndipo swali langu la kweli linakuja, na sitalikwepa. Nani alilipa? Spurs walipata nahodha, kombe, Ligi ya Mabingwa. Mashabiki tulipata lile tukio la Robben. Daktari wa timu angeweza kusema mwaka 2007: kijana, acha, ukifika miaka 50 utataka kupanda ngazi. Huenda alisema. King mwenyewe alichagua kucheza, alikuwa mtu mzima, na sina haki ya kumwonea huruma ambayo hajaiomba. Lakini pale tunaposifia kwamba "alicheza kwa goti moja", tukumbuke kwamba sifa hiyo ni ya mtu aliyejitia hasara mwenyewe ili sisi tupate cha kusifia. Siku hizi vilabu vinapima kila mita mchezaji anayokimbia, na makocha wana mabadiliko 5. Yangemsaidia? Kidogo. Beki wa kati humwingizi dakika ya 70 ukapata faida yake, na gegedu iliyokwisha bado hakuna anayeirudisha kama ilivyokuwa.

Baada ya kustaafu hakuondoka. Klabu ilimfanya balozi wake, Mei 2014 wakamchezea mechi ya heshima White Hart Lane, na Agosti 2020 Mourinho, yule yule wa Chelsea ya 2006, akamwita kwenye benchi la ufundi la Spurs. Nadhani Mourinho alikuwa bado anaikumbuka siku ile.

Sasa najua mnaandaa mabishano. Mtaniambia Campbell: mechi 73 za England, ubingwa mara mbili na Arsenal, mmoja ni wa ile timu isiyofungwa msimu mzima. Sina ubishi, ukitaka beki wa misimu 10 mfululizo mchukue Campbell. Lakini ukinipa mechi moja tu, kesho jioni, Robben upande huu na Henry upande ule, mimi namwamsha King kwenye bwawa la Chigwell. Simu zenu naanza kuzipokea baada ya taarifa ya habari, na mashabiki wa Arsenal, foleni ni ile ile ya watu wote.